Jana Mtoto Alikula Nini? Hojaji za Lishe na Amana ya Jibu



Mama mwenye mtoto mdogo huulizwa mara kwa mara swali moja, awe kliniki au mlangoni pake: jana mtoto alikula nini? Swali lina maneno manne tu, na jibu lake huandikwa kwa alama ndogo kwenye karatasi au kwenye simu ya muulizaji. Lakini alama hiyo haikai pale ilipoandikwa. Huchanganywa na alama za nyumba nyingine ikawa asilimia, asilimia ikaingia katika ripoti, na ripoti ikawa hoja ya kuamua mtaa upi upelekewe mafunzo ya lishe, zahanati ipi iongezewe chakula cha tiba, na akina mama wepi waambiwe kwamba hawawalishi watoto wao ipasavyo.

Tangu mwaka 2013 huduma nyingi za afya nchini Kenya ziko mikononi mwa serikali za kaunti, na maamuzi ya namna hiyo hufanywa karibu nasi kuliko zamani. Kwa hivyo ni haki ya familia kuuliza: hojaji yenyewe imepimwa? Muuza nyama hukaguliwa mizani yake, ikagongwa mhuri. Qur'ani Tukufu ina sura nzima, Al-Mutaffifin, iliyopewa jina la wanaopunja vipimo. Hojaji nayo ni mizani, ila kinachowekwa juu yake ni maneno ya mama. Ikiwa mizani hiyo imepinda, anayepunjwa ni mtoto asiyeweza kujisemea.

Tumeona tuieleze kadhia hii tukiitazama Mwiki. Huenda msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu akajiuliza kwa nini tumekwenda mbali. Mwiki uko ukingoni mwa Nairobi, pale Kasarani inapopakana na Ruiru. Jina hilo limebebwa na wadi mbili: moja ya eneo bunge la Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, na nyingine ya Kasarani katika Kaunti ya Nairobi. Ni mahali pa nyumba za kupanga, pa watu waliotoka pembe nyingi za nchi, na pa wazazi wanaopanda matatu alfajiri kwenda kutafuta riziki mjini. Familia za Pwani zinapohamia bara, mara nyingi hutua katika mitaa ya namna hii, ukuta kwa ukuta na Mkikuyu, Mluhya, Mkamba na Msomali. Hojaji iliyotungwa kwa ajili ya kila mtu hukutana hapo na kila mtu kwa pamoja. Na kosa la kwanza laweza kutokea kabla hata swali halijaulizwa: kuandika Mwiki bila kusema ni Mwiki ipi, hata mtoto wa kaunti moja akahesabiwa katika nyingine.

Kinachoulizwa, na jinsi kinavyohesabiwa

Shirika la Afya Duniani na UNICEF wametoa utaratibu wa kupima ulishaji wa watoto wadogo, na toleo linalotumika sasa ni la mwaka 2021. Vyakula vimegawanywa katika makundi manane: maziwa ya mama, nafaka, mizizi na ndizi za kupika, kunde, karanga na mbegu, maziwa mengine na mazao yake, nyama, kuku na samaki, mayai, matunda na mboga zenye vitamini A kwa wingi, na matunda na mboga nyinginezo. Mtoto wa miezi 6 hadi 23 aliyekula kutoka angalau makundi matano siku iliyotangulia huhesabiwa kuwa amefikia kiwango cha chini cha mchanganyiko wa vyakula.

Mwongozo uliotangulia, wa mwaka 2008, ulikuwa na makundi saba. Maziwa ya mama hayakuwa kundi, na kiwango kilikuwa makundi manne. Tuchukue mfano wa mtoto wa miezi kumi na sita aliyekwisha kuachishwa ziwa, ambaye jana alipewa uji wa wimbi, maharagwe, maziwa ya ng'ombe na sukuma wiki. Hayo ni makundi manne. Kwa kipimo cha 2008 amefaulu. Kwa kipimo cha 2021 hakufaulu. Mwenzake aliyekula vitu hivyo hivyo na bado ananyonya ana makundi matano, naye amefaulu. Mlo haukubadilika, kilichobadilika ni kipimo. Kwetu sisi mabadiliko hayo yana ladha ya pekee, kwani aya ya 233 ya Sura Al-Baqara imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na sasa hesabu ya kimataifa inaupa unyonyeshaji huo nafasi yake katika mlo wa mtoto aliyekwisha kuanza kula.

Hesabu hizi si za mchezo. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya ulionyesha kwamba watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa nchini walikuwa asilimia 26 mwaka 2014, na wakashuka hadi asilimia 18 mwaka 2022. Hata hivyo wastani wa taifa huficha mitaa. Uchunguzi wa kituo cha APHRC katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta watoto waliodumaa ni asilimia 46. Lakini tuzingatie tofauti moja kubwa. Kudumaa hujulikana kwa kumpima mtoto urefu kwa ubao, na ubao hauoni haya wala hausahau. Chakula hupimwa kwa ulimi wa mtu mzima anayekumbuka. Ubao hutuambia kwamba mtoto amedumaa. Ni hojaji inayotakiwa kutusaidia kujua sababu. Sababu ikikosewa, dawa nayo itakosewa.

Bibi Aisha na swali la mara ya pili

Wataalamu wa hojaji wana njia mashuhuri ya kuujaribu ushahidi wa namna hii: muulize mtu, mwache kwa muda, kisha umuulize tena swali lile lile kwa maneno yale yale. Majibu yakilingana, hojaji ina uthabiti; yakitofautiana ovyo ilhali hali haikubadilika, haifai kutegemewa.

Umma wetu haukuanza leo kuijua njia hii. Katika vitabu vya Bukhari na Muslim imepokewa habari ya Bibi Aisha, radhi za Allah zimfikie, pale mpwa wake Urwa alipomletea hadithi aliyoisikia kwa Abdullah bin Amr wakati wa Hija, kuhusu namna elimu itakavyoondoka duniani. Bibi Aisha hakuikataa, wala hakuipokea kwa pupa. Msimu mwingine, Abdullah alipokuja tena kuhiji, alimtuma Urwa akamuulize upya hadithi ile ile. Abdullah akaisimulia kama alivyoisimulia kwanza, bila ya kuzidisha wala kupunguza, na hapo Bibi Aisha akaridhika kwamba ameihifadhi. Mwanamke huyo msomi alikuwa akipima uthabiti wa ushahidi kwa kuuliza mara mbili na kuacha muda katikati, karne nyingi kabla vyuo vikuu havijaipa njia hiyo jina.

Muda wa katikati ndio wenye hekima. Ukirudi baada ya siku moja, mama atakariri jibu alilokupa jana, na utakuwa umepima kumbukumbu ya mahojiano badala ya mazoea ya mtoto. Ukirudi baada ya miezi minne, mtoto wa mwaka mmoja amekwisha kuwa mtoto mwingine: ameota magego, ameacha vyakula vya kuponda, amejifunza kusema hataki. Kwa maswali ya mazoea, wiki mbili ni muda unaotumika sana.

Na yako maswali yasiyofaa kupimwa hivyo kabisa. Swali la jana haliulizwi tena baada ya wiki mbili likatarajiwa kuleta jibu lile lile, kwa kuwa jana imebadilika. Jumatatu palikuwa na ndengu, Alhamisi pana omena. Mama aliyetoa majibu mawili tofauti hakusema uongo. Siku zenyewe zilitofautiana. Swali kama hilo hupimwa kwa njia nyingine: mtu wa pili amuulize mama huyo huyo siku hiyo hiyo, au mtu akae nyumbani aone.

Kulingana kwa bahati

Si kila kulingana kwa majibu ni dalili ya uthabiti. Tuseme akina mama 100 wameulizwa kama mtoto hula yai angalau mara moja kwa wiki, nusu yao wakasema ndiyo na nusu hapana. Baada ya wiki mbili wameulizwa tena, mgawanyo ukawa ule ule wa nusu kwa nusu, na 80 kati yao wamerudia jibu lao la kwanza. Tukidhani wote wangejibu kwa kurusha sarafu, 50 wangelingana kwa bahati tu. Kwa hivyo kati ya nafasi 50 zilizobaki juu ya bahati, hojaji imepata 30, yaani 0.6. Hiyo ndiyo hesabu iitwayo kapa, aliyoieleza Jacob Cohen mwaka 1960, na 0.6 ni alama ya heshima.

Sasa tuseme swali ni kama mtoto hula uji, na kila mara akina mama 90 kati ya 100 wamesema ndiyo. Waliorudia jibu lao ni 84. Mtu ataona 84 ni bora kuliko 80. Lakini pale ambapo karibu kila mtu husema ndiyo, bahati peke yake ingewalinganisha 82. Kilichopatikana juu ya bahati ni 2 kati ya 18, yaani 0.11. Swali hilo halituambii kitu. Basi ripoti ikisema kwamba majibu yamelingana kwa asilimia 84, tuulize kwanza: bahati ingeleta ngapi?

Kipo kipimo kingine, alfa ya Lee Cronbach ya mwaka 1951, kinachochunguza kama maswali kadhaa yanayodai kupima jambo moja huelekea upande mmoja. Hutumika sana katika hojaji za tabia. Mashuhuri miongoni mwa hizo ni ile iliyochapishwa mwaka 2001 na Jane Wardle na wenzake, yenye sentensi 35 ambazo mzazi huzipima kutoka kamwe hadi kila mara: mtoto hufurahia chakula, hushiba upesi, huchagua sana, hula polepole, na kadhalika. Wenyewe hawakutosheka na alfa. Miaka iliyofuata watoto walitazamwa wakila kwa kweli, na ulaji wao ukalinganishwa na yale waliyoyasema wazazi.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa uthabiti si sawa na ukweli. Saa iliyosimama hutoa jibu lile lile kila ukiitazama. Mama anayeona haya kusema kwamba mtoto wake hunyweshwa soda atakana leo, na atakana baada ya wiki mbili. Hojaji itasifiwa kwa uthabiti wake, na soda itaendelea kunywewa. Maulamaa wa hadithi nao hawakutosheka na kumbukumbu nzuri ya msimulizi; walitaka pia uadilifu wake, na walitaka ajulikane alikuwa mahali alipodai kuwa alisikia. Mambo hayo mawili, ulimi usioogopa na shahidi aliyekuwapo, ndiyo yanayopotea kwa urahisi katika hojaji za lishe.

Maneno yanayoteleza

Kabla ya kumlaumu mama, tuyatazame maneno aliyoulizwa. Anayejua Kiswahili kwa kukisoma kitabuni hudhani kwamba neno kula halina utata. Lakini uji hunywewa. Mama akiulizwa mtoto alikula nini asubuhi, aweza kusema hakula kitu, na mtoto amekunywa kikombe kizima cha uji wa wimbi wenye maziwa. Makundi mawili ya chakula yamepotea kwa sababu ya kitenzi kimoja.

Kwa watu wengi chakula ni kile kinachopikwa jioni, kikapakuliwa na kushibisha. Kaimati mbili alizopewa na bibi yake, kashata ya dukani, ubuyu wa rangi, au chipsi alizonunuliwa njiani haviitwi chakula; ni vitu vya kumnyamazisha. Mwongozo wa 2021 unataka vyakula hivi vijulikane, kwani una viashiria vya vinywaji vitamu na vya vyakula visivyo na siha. Wasipovitaja kwa majina yake ya mtaani, hawatavipata.

Mchuzi ni mtego mwingine. Mtoto aliyepewa wali uliorowekwa mchuzi wa samaki bila mnofu hakula samaki kwa hesabu hii, ila mama aliyesimama saa nzima akimpika samaki huyo atasema amekula, na ana haki ya kusema hivyo. Chai ya maziwa yenye sukari nayo huingia katika vinywaji vitamu, lakini mama akisikia neno maziwa atajibu ndiyo. Juisi yaweza kuwa embe lililokamuliwa nyumbani, na yaweza kuwa unga wa rangi uliokorogwa katika maji.

Hata neno jana lina mitaa yake. Kwa hesabu yetu siku huingia magharibi. Tukisema usiku wa Ijumaa twakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, ilhali jirani wa bara aweza kukusudia usiku unaofuata mchana wake. Ulizeni jana usiku mtoto alikula nini, nanyi mwaweza kupata majibu ya nyakati mbili. Tiba yake ni nyepesi: swali lianze pale mtoto alipoamka jana na liishie alipoamka leo, likifuata usingizi wake badala ya saa ya ukutani. Na mwezi wa Ramadhani utajwe wazi katika ripoti, kwa kuwa mtoto asiyefunga naye hukaa kwenye futari, na mlo wa mwezi huo si mlo wa mwaka.

Kisha upo ubaguzi usiokusudiwa wa orodha. Orodha iliyotungwa kwa watu wa bara itakuwa na mukimo, githeri na nduma. Iliyotungwa Pwani itakuwa na mbaazi za nazi, mahamri na viazi vya karai. Mwiki panahitaji zote mbili, na anjera ya Msomali juu yake. Mtoto ambaye chakula chake hakimo katika orodha huandikwa kama hakula.

Mkono unaolisha

Tuseme mama wa Mwiki hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi baada ya magharibi. Mtoto wake wa miezi ishirini hushinda kwa mama wa jirani anayelea watoto kwa malipo ya siku, au kwa yaya, au kwa dada mkubwa aliyefunga shule. Muulizaji huja Jumamosi, anamkuta mama, na anamuuliza jana mtoto alikula nini. Mama huyo anampenda mwanawe na anasema kweli yote anayoijua. Lakini jana mchana hakuwapo. Anaeleza alichoacha kwenye mkebe asubuhi. Hajui kilichobaki, kilichomwagika, wala alichopewa mtoto wa mwenzake.

Hapa kosa si la mama. Ni la hojaji iliyomwita shahidi asiyekuwapo na ikamwacha aliyekuwapo. Hojaji njema huuliza kwanza ni nani aliyemlisha mtoto kila kipindi cha siku, kisha humtafuta mtu huyo. Na inapokuja kupimwa, yafaa mama na mlezi waulizwe mbali mbali kuhusu siku ile ile, ionekane wanalingana kiasi gani. Pale wanapotofautiana ndipo penye elimu, mradi tofauti hiyo isigeuzwe kuwa kesi baina ya mama na yaya.

Lipo pia suala la haya. Mara nyingi anayeuliza ni yule yule aliyefundisha wiki iliyopita kwamba mtoto apewe yai, mboga na matunda. Mama anapojibu anahisi yuko katika mtihani, na mtihani una majibu yanayotakiwa. Asiyekuwa na pesa za mayai hataki kuonekana mzembe mbele ya mgeni, na sitara ya nyumba ni jambo tulilolelewa nalo. Kwa hivyo muulizaji asiwe ndiye mwalimu, ikiwezekana. Aanze kwa kueleza kwamba hakuna jibu zuri wala baya. Na aulize kwa namna inayomfungulia mama mlango: watoto wengi hupewa biskuti au soda, jana wako alipewa?

Kukaa na kupima

Ushahidi wa ulimi hupimwa kwa kulinganishwa na jicho na mizani, na kazi hiyo imewahi kufanywa hapa nchini. Kati ya mwaka 1984 na 1986, huko Embu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akiwamo Profesa Nimrod Bwibo na Dkt. Charlotte Neumann, walifuatilia familia za vijijini, wakiwamo watoto wadogo wa mwaka mmoja na nusu hadi miwili na nusu. Wasaidizi waliofunzwa walikaa majumbani wakipima kilichopikwa na kilicholiwa. Kwa uangalifu huo ilionekana kwamba mlo wa watoto ulisimama juu ya mahindi na maharagwe, na vyakula vitokanavyo na wanyama vilikuwa haba. Baadaye, kuanzia mwaka 1998, ulifanyika utafiti katika shule 12 za huko huko, watoto wa baadhi ya shule wakipewa githeri iliyoongezwa nyama, wengine maziwa na wengine mafuta. Waliopewa nyama waliwashinda wenzao katika mtihani wa kufikiri. Lau vipimo vya awali vingekuwa vya kubahatisha, pengine asingejua mtu kwamba nyama na maziwa ndivyo vya kujaribiwa.

Lakini kukaa nyumbani mwa watu siku nzima ni ghali, na mgeni anayeshika mizani jikoni hubadilisha mapishi ya siku hiyo. Ndiyo maana watafiti Rosalind Gibson na Elaine Ferguson, waliofanya kazi Malawi, walibuni njia ya katikati iliyochapishwa kama mwongozo mwaka 1999. Akina mama hukusanywa kabla na kufunzwa kukadiria vipimo. Siku moja kabla ya siku ya kukumbukwa hupewa bakuli na sahani za kutumia, pamoja na karatasi ya picha za vyakula ili waweke alama kila mtoto anapokula. Siku ya mahojiano hukadiria kwa chakula halisi, kikapimwa. Asiyejua kusoma hana udhaifu mbele ya karatasi ya picha.

Njia hiyo inatuhusu sana sisi tunaokula sinia moja. Mtoto akila pamoja na watu wazima, hakuna ajuaye alipata matonge mangapi. Hata sentensi ya hojaji kuhusu mtoto kubakisha chakula katika sahani haina maana kwa mtoto asiye na sahani. Kumwekea fungu lake pembeni mwa sinia, au katika kibakuli chake huku akikaa nasi, hakuondoi baraka ya kula pamoja, na humjulisha mama, hata pasipo mtafiti, kiasi anachokula mwanawe.

Yaliyo mikononi mwetu

Mtu akibisha hodi na hojaji, apokewe kwa wema, na aulizwe kwa adabu: Inatoka taasisi gani, na majibu yanakwenda wapi? Imejaribiwa kwa akina mama wa mtaa huu na kwa lugha hii? Itamuuliza na anayemlea mtoto mchana? Jina letu litahifadhiwa? Tutaletewa matokeo? Muulizaji mwema hufurahia maswali hayo. Na mama ana ruhusa ya kukataa kujibu.

Tukikubali kujibu, basi jibu ni ushahidi, na ushahidi ni amana. Kusema sijui pale tusipojua ni sehemu ya ukweli. Mlango usifunguliwe kwa kubahatisha. Kusema kwamba jana hapakuwa na yai wala samaki si aibu ya mama. Huenda ndilo jibu litakaloonyesha kwamba mtaa mzima haukuwa na uwezo wa kununua yai. Mama mmoja akipamba jibu lake, amejisitiri. Akina mama mia wakipamba, wamemficha mtoto wa jirani aliye na njaa.

Nyumbani nako, daftari dogo la siku tatu, mbili za kazi na moja ya mapumziko, lililojazwa na kila anayemlisha mtoto, lina faida kubwa. Mlezi asiyeandika aweke punje katika kikombe kwa kila mlo. Daftari hilo likipelekwa kliniki pamoja na kijitabu cha afya ya mama na mtoto, muuguzi ataona siku tatu zilizoandikwa badala ya siku moja iliyokumbukwa kwa haraka kwenye foleni.

Na ndugu zetu wanaotunga hojaji hizi, wengi wao vijana wetu wenyewe walio vyuoni, tunawasihi waketi kwanza na akina mama kumi wa mtaa, wasikilize uji unanywewa au unaliwa, mchuzi ni kitoweo au si kitoweo, na jana huanza saa ngapi. Kisha waulize mara mbili, kama alivyofanya Bibi Aisha, na wasione tabu kuiacha karatasi iliyoshindwa mtihani wake.

Twamuomba Allah, Subhanahu wa Taala, awakuze watoto wetu katika afya na tabia njema, awape wazazi riziki ya halali ya kuwalisha, na atujaalie sote kuwa mashahidi wa kweli juu yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.